Urani ya Shinkolobwe, Kinu cha Kinshasa: Nani Alipanga Sayansi ya Nyuklia ya Kongo?



Tarehe 26 Septemba 1944 serikali tatu zilibadilishana barua za siri mjini London. Upande mmoja zilikuwapo Marekani na Uingereza. Upande wa pili alikuwapo Paul-Henri Spaak, waziri wa mambo ya nje wa Ubelgiji, nchi ambayo serikali yake ndiyo kwanza ilikuwa imerejea nyumbani kutoka uhamishoni. Barua hizo ziliamua urani ya Kongo itauzwa kwa nani, kwa muda gani na kwa masharti yapi. Kifungu cha 9 kilieleza kwamba Marekani na Uingereza zikianza kuitumia kibiashara nishati itokanayo na madini hayo, Ubelgiji nayo itashirikishwa kwa haki. Kwa hesabu yangu, kifungu hicho ndicho sera ya kwanza ya sayansi ya nyuklia iliyojengwa juu ya mali ya nchi ya Kiafrika, na ndani yake Mkongo hayumo.

Nimeombwa kuzungumzia historia ya sera za serikali katika kukuza sayansi ya nyuklia ya taifa. Ningeweza kuwapeleka Moscow au Chicago, ambako historia hiyo imeandikwa hadi ikajaa maktaba. Nimechagua Kongo kwa sababu watu waliochimba madini hayo walizungumza lugha tunayoizungumza humu ukumbini. Kampuni ya Union Minière ilikusanya wafanyakazi wake kutoka Katanga yenyewe, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na tangu miaka ya 1920 kutoka Ruanda-Urundi. Katika kambi za Elisabethville na Jadotville, yaani Lubumbashi na Likasi za leo, Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya soko na ya watoto waliozaliwa humo. Historia hii tunayo kwetu, ila tumeizoea kuisoma kwa Kifaransa na Kiingereza.

Hoja yangu ni moja. Kongo ilikuwa na urani bora kuliko nchi yoyote iliyojulikana wakati huo, ikawa na kinu cha nyuklia kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika, na bado haikupata sayansi ya nyuklia inayoweza kusimama yenyewe. Sababu ni kwamba kila uamuzi mkubwa ulihusu kitu: madini, mtambo, jengo. Maamuzi yaliyohusu watu watakaokaa na vitu hivyo kwa miaka 30 au 40, kuvitunza na kurithishana ujuzi wake, yalikuwa machache, yalichelewa, au hayakufanywa kabisa.

Shinkolobwe iko karibu na Likasi. Mwaka 1915 mtafutaji madini Mwingereza, Robert Rich Sharp, aliyatambua hapo mawe mazito yenye urani. Lakini wakati huo urani haikuwa na soko la maana. Ilitiwa kwenye rangi za vyombo vya udongo na vioo. Kilichotafutwa ni radiamu, iliyotumika kutibu saratani na kung'arisha nambari za saa gizani. Kuipata gramu moja ya radiamu kunahitaji takriban tani tatu za urani, kwa hiyo mgodi wenye mawe mazito kama yale ulikuwa hazina. Uchimbaji ulianza 1921, na mwaka uliofuata kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji kikatoa radiamu yake ya kwanza. Bei ya dunia ikaporomoka, Wamarekani waliokuwa wakiitawala biashara hiyo wakafunga viwanda vyao, na kwa muongo mzima Ubelgiji ikawa ndiyo dola ya radiamu.

Tuangalie mgawanyo wa kazi ulivyokuwa. Mawe yaling'olewa Katanga kwa mikono. Kemia ilifanyika Olen. Tiba ilitolewa Brussels, Paris na London. Hatari ya mionzi nayo ilikwisha kujulikana: mwaka 1928, katika mkutano wa madaktari uliofanyika Stockholm, iliundwa kamati ya kimataifa ya kinga ya mionzi. Ujuzi huo ulikuwapo wakati wanaume wa Shinkolobwe wakibeba mawe yale magunia kwa magunia. Sera ya sayansi ya koloni ilikuwa kwamba koloni halihitaji sayansi, linahitaji nguvu kazi yenye afya ya kutosha kumaliza mkataba.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 mgodi ulikuwa umefungwa na maji yamejaa ndani. Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alikutana na mwanasayansi Mwingereza Henry Tizard mwezi Mei 1939, akaonywa kwamba alichonacho kinaweza kuwa janga kikiangukia mikononi mwa adui. Sengier alilielewa onyo hilo. Mwaka 1940 alisafirisha takriban tani 1,200 za madini hadi New York na kuyaweka ghalani katika kisiwa cha Staten. Yalikaa pale karibu miaka miwili. Mwezi Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alimfuata ofisini kuulizia urani, na akakuta madini aliyotumwa kuyatafuta tayari yako bandarini kwake. Yalikuwa na takriban asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi mingi ya dunia ilitoa chini ya asilimia moja.

Wahandisi wa jeshi la Marekani wakasaidia kuufufua mgodi. Madini yakashuka kwa reli hadi Port-Francqui, yakapakiwa meli za mtoni kwenye Kasai na Kongo hadi Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kisha reli tena hadi Matadi. Jina la Shinkolobwe likawa siri ya vita. Karibu theluthi mbili ya urani ya mradi wa bomu wa Marekani ilitoka huko, na mnamo tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima iliungua. Sengier akapewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Wachimbaji hawakuwa wameambiwa wanachimba nini.

Sasa turudi kwenye Kifungu cha 9, kwa maana hapo ndipo siasa ya sayansi inapoonekana waziwazi.

Wabelgiji waliamini kifungu kile kimewanunulia nafasi katika meza ya wakubwa. Lakini mwaka 1946 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya McMahon, iliyokataza kumpa mgeni yeyote siri za atomu, hata yule aliyetoa mawe. Mjini Brussels wabunge, Wakomunisti wakiwa mbele, walimbana Spaak wakitaka kujua nchi imeuza nini na imepata nini. Serikali ya Ubelgiji haikukaa kimya. Ilirudi Washington mara kwa mara na karatasi yake mkononi, ikajadiliana, ikadai. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikakubaliwa nyongeza ya malipo juu ya madini yanayosafirishwa, na fedha hizo zikasaidia utafiti wa nyuklia. Utafiti huo ulifanyika Ubelgiji. Mwaka 1952 kituo cha utafiti kikaanzishwa Mol. Mwaka 1956 kinu chake cha kwanza, BR1, kikawashwa. Mwaka 1962 kikafuata BR3, kinu cha kwanza cha aina ya maji yenye shinikizo katika Ulaya. Kamishna wa nguvu za atomiki aliyesimamia safari hiyo tangu 1951 alikuwa Pierre Ryckmans, ambaye kabla ya hapo alikuwa Gavana Mkuu wa Kongo.

Ninawasifu Wabelgiji kwa jambo moja, na ninalisema kwa dhati. Walijua namna ya kukigeuza kifungu cha mkataba kuwa wahandisi. Kituo cha Mol hadi leo ni mahali pa heshima, na isotopu zake hutumika hospitalini sehemu nyingi za dunia. Hivyo ndivyo sera ya sayansi inavyofanya kazi pale serikali inapoidai haki yake kwa miaka kumi mfululizo bila kuchoka. Kinachouma ni kwamba mali iliyolipia madai hayo ilitoka Katanga, na Katanga haikuwa na mtu wa kuidai.

Mwaka 1958 Ubelgiji iliandaa maonyesho makubwa ya dunia mjini Brussels. Wakajenga Atomium, mnara wa chuma wenye urefu wa mita 102, umbo la atomu zilizoshikana, kutangaza enzi mpya. Katika maonyesho hayohayo, familia za Kikongo ziliwekwa katika kijiji cha kuigiza nyuma ya uzio wa mianzi, wazungu wakapita kuwatazama na wengine kuwatupia vitu. Wakongo hao walikasirika na kuondoka kabla maonyesho hayajaisha. Kwa watayarishaji, ahadi ya atomu na uzio wa mianzi vingeweza kukaa katika bustani moja bila kugongana.

Hata hivyo, mwaka uliofuata Kongo ilipata kinu chake, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954 kwenye kilima nje ya Léopoldville. Kabla yake, Mkongo mwenye akili angeweza kuwa padri, karani, mwalimu au msaidizi wa daktari. Daktari kamili au mhandisi hakuweza kuwa ndani ya nchi yake. Mkuu wa chuo alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padri ambaye pia alikuwa mwanafizikia wa nyuklia. Gillon alitaka chuo chake kiwe chuo cha kweli, chenye maabara za kiwango cha Ulaya. Alikuwa na hoja iliyokuwa vigumu kuipinga: nchi iliyotoa urani ya dunia haiwezi kunyimwa mahali pa kuisoma. Upepo wa siasa nao ulimsaidia. Rais Eisenhower alikuwa ametangaza mpango wa Atomu kwa Amani tarehe 8 Desemba 1953, na Marekani ilikuwa ikizipa nchi rafiki vinu vidogo vya utafiti ili zisiegemee Moscow.

Kinu alichokipata ni cha aina ya TRIGA, kilichobuniwa San Diego kuanzia 1956 na kundi lililokuwa na wanafizikia Edward Teller na Freeman Dyson. Sharti walilojiwekea wabunifu lilikuwa la pekee: kinu kiwe salama hata mikononi mwa wanafunzi. Jibu walilipata ndani ya fueli yenyewe. Urani ilichanganywa na zirkoni iliyoshika hidrojeni. Katika kinu, nyutroni zinahitaji kupunguzwa mwendo ili ziweze kuupasua moyo wa atomu ya urani, na hidrojeni ndiyo inayozipunguza. Fueli ikipata joto ghafla, hidrojeni iliyomo ndani yake hutikisika na kuzirudishia nyutroni mwendo. Upasukaji hupungua papo hapo, na nguvu ya kinu hushuka yenyewe kabla mtu hajagusa kitufe. Ni kama sufuria ya uji ambayo ikianza kufurika, moto wake hujipunguza wenyewe.

Kinu hicho kikaitwa TRICO, nguvu yake kilowati 50, na kikawashwa mwezi Juni 1959. Kilikuwa cha kwanza katika bara zima la Afrika. Misri iliwasha chake cha Inshas mwaka 1961, kwa msaada wa Wasovieti. Afrika Kusini iliwasha SAFARI-1 huko Pelindaba mwaka 1965. Cha Kongo hakikuwa cha umeme. Kazi yake ilikuwa kufundisha, kutengeneza isotopu kwa ajili ya hospitali na kilimo, na kuchunguza sampuli: unaliweka jiwe, udongo au jani la mmea mbele ya nyutroni, kisha unasoma mionzi yake kujua ndani yake kuna elementi gani na kwa kiasi gani. Kwa nchi ya madini kama Kongo, hicho ni chombo cha kazi, si pambo.

Basi tujiulize: hiyo ilikuwa sera ya nani? Serikali ya koloni haikuwa na mpango wa kukuza wanafizikia Wakongo. Marekani ilikuwa na sera ya kupata marafiki. Gillon alikuwa na ndoto na bidii. Kinu kilikuja kwa sababu mtu mmoja alijua milango ya kubisha, katika dirisha dogo la historia. Ninamheshimu sana padri yule. Lakini mradi unaotegemea mtu mmoja na fadhila za serikali mbili za kigeni ni mradi ambao taifa halijaupanga bado.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Juni 1960, uhuru ukafika. Nchi nzima, kubwa kama Ulaya Magharibi, ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiozidi 30. Mgodi wa Shinkolobwe ulikuwa umefungwa na mashimo yake kuzibwa kwa zege. Mwezi Julai jeshi liliasi, Wabelgiji wakaondoka kwa maelfu, na Katanga ikatangaza kujitenga, Union Minière ikiilipa serikali ya kiongozi wa Katanga, Tshombe, kodi zilizopaswa kwenda Léopoldville. Serikali changa ikabaki na kinu bila mapato ya madini yaliyokileta, na bila wataalamu wa kutosha hata kuziendesha posta na mahakama.

Kwamba kinu hakikufa katika miaka ile ni jambo la kustaajabisha, na sifa zake ziende kwa walimu na mafundi wa Lovanium, Wakongo na wageni, waliobaki. Kongo ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki 1961. Gillon aliendelea kuwa mkuu wa chuo hadi 1967, alipompisha Monsinyori Tharcisse Tshibangu, Mkongo wa kwanza kushika nafasi hiyo, mzaliwa wa Kipushi huko Katanga. Baadaye kituo chenye kinu hicho kikapewa hadhi ya kituo cha kanda kwa masomo ya nyuklia, kwa matumaini kwamba Waafrika wa nchi jirani wangekuja kujifunza hapo. Kwa mara ya kwanza jengo lile lilikuwa na maana iliyotamkwa na Waafrika wenyewe.

Rais Mobutu alikipenda kituo hicho. Kinu cha kwanza kilizimwa 1970, na mwaka 1972 kikawashwa cha pili, TRICO II, chenye nguvu ya megawati moja, yaani mara 20 ya kile cha zamani. Bei ya shaba ilikuwa juu, Union Minière ilikuwa imetaifishwa tangu 1967, hazina ilikuwa na fedha. Kama kuna wakati ambapo Kongo ingeweza kuandika sera ya sayansi ya nyuklia iliyo yake, ni hapo. Kulikuwa na kinu kipya, kulikuwa na kizazi cha kwanza cha wahitimu, na dunia ilikuwa tayari kufundisha.

Lakini tazama kilichotokea upande wa watu katika miaka hiyohiyo. Mwezi Juni 1969 wanafunzi walioandamana Kinshasa walipigwa risasi. Mwezi Juni 1971 walipotaka kuwakumbuka wenzao, chuo kilifungwa na wanafunzi wa Lovanium wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Mwezi Agosti vyuo vikuu vitatu vya nchi, Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi, vilikusanywa kuwa chuo kimoja cha taifa chini ya mkono wa chama cha Mobutu. Serikali ile iliyoagiza kinu cha megawati moja iliwaogopa vijana ambao wangekiendesha. Hilo nalo ni sera, hata kama halikuandikwa kwenye waraka wa wizara ya sayansi, na lilikuwa na nguvu kuliko waraka wowote.

Kuanzia 1974 bei ya shaba ilianguka. Muundo wa kiserikali uliendelea kukua kwenye karatasi: ikawepo kamisheni ya taifa ya nguvu za atomiki, yenye majukumu makubwa juu ya utafiti, mionzi na madini. Bajeti yake ilisinyaa. Mshahara wa mtafiti ulipungua thamani kila mwezi, na kufikia miaka ya 1990, baada ya uporaji wa Kinshasa wa 1991 na 1993, profesa wa fizikia alilazimika kutafuta riziki mahali pengine kabla ya kuingia darasani. Waliopata nafasi za Ulaya na Marekani wakaenda, na sina neno la lawama juu yao.

Habari iliyofuata dunia iliisoma magazetini kwa hofu. Vijiti viwili vya fueli vilitoweka kutoka Kinshasa. Mwaka 1998 polisi wa Italia walikikamata kimoja mikononi mwa genge la mafia lililokuwa likitafuta mnunuzi. Cha pili hakijapatikana. Mvua za Kinshasa zinaimomonyoa milima yake ya mchanga, kilima cha chuo chenye kinu kikiwemo. TRICO II imesimama tangu 2004, fueli yake ikiwa bado inahitaji ulinzi, maji safi na macho ya watu wenye ujuzi kila siku.

Mwaka huohuo wa 2004 habari za Shinkolobwe zilirejea. Wachimbaji wa mikono, wale ambao Lubumbashi huwaita kwa neno la Kifaransa creuseurs, walikuwa wameingia kwa maelfu kutafuta kobalti kando ya mashimo yaliyozibwa. Serikali iliupiga marufuku uchimbaji mwezi Januari. Mwezi Julai sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu 8. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikwenda baadaye kupima mionzi na uimara wa ardhi. Nimejiuliza mara nyingi: nchi iliyowasha kinu mwaka 1959, iliyokuwa na maabara yenye uwezo wa kupima urani katika punje ya udongo, ilihitajije wageni kuwaambia watu wa Likasi wanakanyaga nini? Jibu liko katika yale niliyokwisha kuyasema. Maabara ilikuwa karibu kilomita 1,500 kutoka mgodini, na fundi wake alikuwa hajalipwa.

Wengine watasema umaskini ndio sababu, na hakuna sera inayoushinda umaskini. Siikubali hoja hiyo moja kwa moja. India ilipoanza ilikuwa maskini pia. Mwanafizikia wake Homi Bhabha aliiandikia taasisi ya familia ya Tata mwaka 1944, kabla ya Hiroshima na kabla ya uhuru, akiomba fedha za shule ya fizikia, ili siku nishati ya nyuklia itakapokuja wataalamu wawe tayari nyumbani. Taasisi ikafunguliwa 1945. Kamisheni ya atomiki ikaundwa 1948. Kinu cha kwanza, Apsara, kiliwashwa Agosti 1956, miaka 11 baada ya shule, na mwaka 1957 kituo cha nyuklia cha Trombay kikaanza kufundisha wahandisi wake chenyewe kila mwaka. Bhabha alikufa katika ajali ya ndege kwenye mlima Mont Blanc, Januari 1966, na kazi haikusimama, kwa maana darasa lake lilikuwa limejaa. Sisemi India ifuatwe katika yote. Usiri wa kamisheni yake uliiweka mbali na maswali ya wananchi, na mwaka 1974 ujuzi huo ulizaa bomu. Ninaisifu kwa kutanguliza watu.

Karibu nasi zaidi, Ghana ya Nkrumah iliunda kamisheni yake ya atomiki mwaka 1963 na kuanza ujenzi wa kinu huko Kwabenya mwaka 1964. Mapinduzi ya 1966 yaliusimamisha mradi. Lakini kamisheni haikuvunjwa. Ilifanya kazi za isotopu katika kilimo na tiba, ikasomesha, na kinu kidogo cha kilowati 30 kutoka China kilipofika katika miaka ya 1990 kiliwakuta Waghana wanaokijua. Miaka 30 bila kinu haikuiangamiza sayansi yao.

Ninayasema haya mwaka huu kwa sababu Afrika Mashariki imerudi kwenye meza ileile ya 1944, safari hii ikiwa na kiti chake. Tanzania ina urani Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mradi uliofanya mpaka wa Hifadhi ya Selous ubadilishwe mwaka 2012 kwa idhini ya Kamati ya Urithi wa Dunia. Kenya imetangaza nia ya kujenga kinu cha utafiti. Rwanda ilisaini na Urusi mwaka 2019 makubaliano ya kituo cha sayansi ya nyuklia. Uganda inazungumzia kinu cha umeme huko Buyende. Sheria tunazo: Tanzania ilitunga ya kinga ya mionzi mwaka 1983, ikaipanua mwaka 2003 na kuunda Tume ya Nguvu za Atomiki. Ninachotaka kukiona katika kila mkataba wa urani ni kifungu chetu cha 9, kilichoandikwa kwa ukali kuliko kile cha Spaak: wanafunzi wangapi watasomeshwa, katika fani zipi, kwa fedha ipi inayotokana na kila tani inayovuka bandari, na nani atashtakiwa wasiposomeshwa. Na katika kila mpango wa kinu nataka kuona, kabla ya bei ya ununuzi, mshahara wa fundi wa kinga ya mionzi na gharama za matunzo kwa miaka 40, zikiwa zimetengwa kisheria ili waziri wa fedha asiweze kuzigusa bei ya madini itakaposhuka. Watu wa Namtumbo wanastahili maabara ya kupima maji yao iliyoko mkoani kwao Ruvuma, si Vienna kwenye makao ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na mpimaji wake awe kijana aliyesoma shule ya pale.

Tangu 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi zinazopanga vinu vyao vya kwanza sasa zimo katika jumuiya moja na nchi iliyotangulia nyingine zote barani kuwa na kinu, pamoja na makosa yake yote. Pale Kinshasa bado wako wazee walioiendesha TRICO II, wanaojua kipi kilianza kuharibika na kwa nini. Hawatakuwapo milele. Pendekezo langu kwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, na kwa wawakilishi wa tume za atomiki mlioketi safu ya mbele, ni kwamba katika bajeti ijayo muweke fungu la kuwapeleka wanafunzi wa fizikia wa Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Kigali na Bujumbura wakakae Kinshasa muhula mzima na wazee hao, waandike kwa Kiswahili na Kifaransa mwongozo wa matunzo ya kinu kama walivyoujifunza kwa mikono yao, na wakati huohuo wataalamu wetu wakae na wenzao wa Kongo kukadiria ingegharimu kiasi gani kuiwasha TRICO II tena kwa usalama, au kuizima kabisa na kuihifadhi fueli yake ipasavyo. Barua ya mapendekezo hayo nimeiandaa, nami nitaikabidhi kwa Mwenyekiti baada ya maswali.